Hadithi fupi mno za Simiyu zatafuta jukwaa

MJI wa Bariadi huingia katika kurasa za magazeti kwa mambo machache yanayojirudia: bei ya pamba, uhaba wa mvua, tembo waliotoka hifadhini na kuvamia mashamba, na mikutano ya wanasiasa. Ni nadra kutajwa kwa jambo la fasihi. Anayetaka kuona waandishi wakisimama mbele ya watu na kusoma kazi zao huelekeza macho Dar es Salaam, ambako Soma Book Café, iliyoasisiwa na mchapishaji Demere Kitunga na wenzake, ilijijengea jina kwa mikutano ya aina hiyo, au huvuka mpaka hadi Nairobi.

Hata hivyo, upo utanzu mmoja ambao ungepaswa kuwageuza watu shingo watazame upande wa Simiyu. Ni hadithi fupi mno: kisa cha kubuni kinachoanza na kumalizika ndani ya ukurasa mmoja au miwili, kwa kawaida chini ya maneno 1,000 na wakati mwingine chini ya 100. Vijana wa mijini huandika visa vya namna hiyo katika simu zao na kurushiana. Waalimu wa uandishi huvipenda kwa sababu kosa halina pa kujificha.

Swali ni kwa nini mkoa wenye karibu kila kitu ambacho utanzu huu unakihitaji hausikiki. Ukosefu wa vipaji hauwezi kuwa jibu. Tatizo limo katika namna ngazi za fasihi ya Kiswahili nchini zilivyojengwa. Zinampandisha mtunzi wa riwaya, zinampandisha malenga, na kumwacha chini mwenye kisa cha ukurasa mmoja.

Mkoa wa Simiyu ulizaliwa rasmi Machi 2012 baada ya kumegwa kutoka Shinyanga, ukiwa na wilaya tano za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Sensa ya mwaka huo ilihesabu wakazi 1,584,157. Sensa ya 2022 ikakuta 2,140,497, ongezeko la zaidi ya watu laki tano na nusu katika miaka kumi. Wengi wao ni Wasukuma, kabila kubwa kuliko yote nchini, ingawa huko Meatu wapo pia Wataturu na Wahadzabe. Ni mkoa mchanga kiutawala, lakini simulizi zake ni za kale.

Shikome na kitendawili

Kwa Wasukuma, darasa la kwanza la fasihi lilikuwa shikome, yaani moto wa jioni katikati ya mji, ng'ombe wakiwa wamekwisha kuingia zizini. Wazee na vijana wa kiume waliketi kuuzunguka, na wanawake na wasichana walikuwa na mikutano yao karibu na jiko. Hapo ndipo kijana alipojifunza ukoo wake, adabu, na namna ya kuzungumza mbele ya watu bila kuwachosha.

Kikao kingeweza kuanza kwa vitendawili. Mtegaji alisema "Kalagu!" na wenzake wakaitikia "Kize!", kama vile watu wa pwani wanavyoitikia "Tega!". Baada ya vitendawili zilifuata methali na ngano. Inafaa kukumbuka kwamba misemo mingi ya Kisukuma ni mabaki ya visa. Msemaji hutamka maneno manne au matano, na msikilizaji aliyelelewa hapo hukikumbuka kisa kizima kilichozaa maneno hayo. Huo ni ufupi uliopita hata ule unaodaiwa na mashindano ya kisasa.

Kamati ya utafiti wa utamaduni ya Bujora, kituo kilichoko Kisesa nje kidogo ya jiji la Mwanza, iliichukulia kwa uzito hazina hiyo. Mwaka 1988 ilichapisha, kupitia Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho, kitabu kiitwacho Imani za Jadi za Kisukuma katika Misemo, Hadithi, Methali na Desturi za Maisha. Kichwa chake kirefu kinaeleza kila kitu kilichomo. Mapadri wa kimisionari, akiwemo David Clement kutoka Kanada aliyeianzisha Bujora, walikuwa na shabaha yao ya kidini, na jambo hilo halifichiki. Lakini waliandika, wakati ambapo wengine waliokuwa na wajibu huo hawakuandika.

Mfano unaojulikana kuliko yote ni ngano ya Masala Kulangwa. Zimwi Shing'weng'we limewameza watu wote na mifugo yao. Mwanamke mmoja mjamzito amejificha katika lundo la makapi, naye anajifungua mtoto wa kiume. Mtoto anakua, anauliza watu wengine wako wapi, anaambiwa. Anaanza kuwinda, na kila anachoua anakileta kwa mama yake akiuliza kama ndicho Shing'weng'we, kuanzia kipanzi hadi mnyama mkubwa, mpaka siku anapolikuta zimwi lenyewe na kulishinda. Analipasua tumbo na watu wanatoka wakiwa hai.

Wasimulizi wengi wangeishia hapo. Msimulizi wa Kisukuma haishii hapo. Katika kupasua, kisu cha Masala Kulangwa kimemkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwa ndani. Bibi huyo, badala ya kushukuru kwamba ameokolewa, anatoka akiwa na hasira ya sikio lake, na kijana aliyeokoa dunia nzima analazimika kumwomba radhi na kumtafutia dawa. Sehemu hiyo ya sikio peke yake ingetosha kuwa hadithi ya maneno 200, na yeyote aliyewahi kuongoza kikao cha kijiji au chama cha ushirika ataielewa bila kufafanuliwa.

Visa vya Ng'wanamalundi, mganga na mchezaji ngoma mashuhuri aliyekamatwa na Wajerumani na ambaye inaelezwa alifariki mwaka 1936, vimekaa katika umbo hilo hilo. Hakuna utenzi mrefu wa maisha yake unaosimuliwa kwa mfululizo. Vipo vipande: alinyoosha kidole, miti ikakauka, walimfunga, kamba zikamwachia. Kila kipande hujitegemea na humalizika kabla msikilizaji hajachoka.

Ufupi wa Kiswahili si ufupi wa Kiingereza

Ulimwenguni utanzu huu una majina makubwa. Yasunari Kawabata wa Japani, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1968, aliandika zaidi ya visa 100 vya kiasi cha kutosha katika kiganja cha mkono. Augusto Monterroso wa Guatemala alichapisha mwaka 1959 hadithi kuhusu dinosaria yenye maneno saba tu ya Kihispania. Nchini Marekani jina la kisasa la utanzu lilienea baada ya mkusanyiko mmoja wa mwaka 1992, na tangu hapo mipaka ya idadi ya maneno, 1,000 au 500 au 100, imekuwa sheria ya mashindano.

Sheria hiyo inapoingizwa katika Kiswahili kama ilivyo huleta kichekesho. Neno "hawajatuambia" linahesabiwa kuwa moja, lakini ndani yake mna watenda, mna ukanushi, mna wakati ambao haujafika mwisho, na mna sisi tunaosubiri habari. Kiingereza hutumia maneno sita kusema jambo hilo hilo. Kwa hiyo mtunzi wa Kiswahili aliyepewa maneno 300 amepewa nafasi kubwa zaidi kuliko mwenzake wa London, na Kisukuma, kwa kuwa ni lugha ya Kibantu inayonyambua vitenzi kwa namna hiyo hiyo, humpa nafasi kama hiyo. Kipimo cha haki kingekuwa muda wa kusoma kwa sauti. Kisa kinachosomwa kwa dakika mbili au tatu ni kifupi katika lugha yoyote.

Kipimo cha muda kinafaa pia kwa sababu hadithi hizi zinapendeza zaidi zinaposikika. Katika saa moja wasomaji kumi na watano wanaweza kupanda jukwaani, kila mmoja na kisa kizima, na bado ukabaki muda wa kupiga makofi na kubishana. Riwaya haiwezi. Msomaji wa riwaya husoma sura moja, na hadhira huondoka bila kujua mwisho.

Ngazi zisizomfikia

Zinapotazamwa njia ambazo mtunzi wa Kitanzania hupitia ili ajulikane, upungufu huonekana mara moja.

Njia ya kwanza ni shule. Kwa muda mrefu fasihi ya Kiswahili katika kidato cha tatu na cha nne imesimama juu ya mafiga matatu: riwaya, tamthiliya na ushairi. Kizazi kizima kilichosoma Bariadi, Maswa au Mwanhuzi kinaweza kutaja bila kusita Takadini, Watoto wa Mama N'tilie, Joka la Mdimu, Ngoswe, Orodha na Wasakatonge. Mkusanyiko wa hadithi fupi haumo katika orodha hiyo.

Hali hiyo ni tofauti kabisa na Kenya. Huko mkusanyiko wa hadithi fupi umekuwa kitabu cha lazima katika mtihani wa kidato cha nne: Damu Nyeusi na Hadithi Nyingine, ukaja Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, kisha Mapambazuko ya Machweo na Hadithi Nyingine. Waandishi kadhaa katika mikusanyiko hiyo ni Watanzania. Maana yake ni kwamba mwandishi wa Tanzania mwenye hadithi fupi nzuri amekuwa na uhakika zaidi wa kusomwa na mwanafunzi wa Kisumu kuliko na mwanafunzi wa Bariadi. Wataalamu wetu hawakuupuuza utanzu huu, kwani Mbunda Msokile aliandika kitabu kizima, Misingi ya Hadithi Fupi, kilichotolewa na Dar es Salaam University Press mwaka 1992. Kilichopungua ni mnunuzi.

Njia ya pili ni tuzo. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilitolewa kwa mara ya kwanza Aprili 13, 2023, mshindi wa kwanza akipata Sh10 milioni. Ilianza na riwaya na ushairi, na baadaye ikafungua mlango kwa hadithi za watoto. Ni hatua kubwa, na serikali inastahili pongezi kwa kutoa fedha za maana. Lakini riwaya ni kazi ya miaka. Mwalimu wa shule ya msingi Itilima, mwenye shamba la pamba, familia na vipindi vya kufundisha, anaweza kuandika kisa kizuri Jumamosi jioni. Riwaya ataiahirisha mpaka atakapostaafu.

Ushairi umekuwa na bahati zaidi. Chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, Ukuta, kiliwakusanya malenga wa mikoa yote. Kipindi cha Malenga Wetu cha redio ya taifa kiliwafanya watu wa vijijini wajulikane nchi nzima kwa beti zao. Magazeti nayo yalitenga safu za mashairi tangu enzi za Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923. Mwenye beti tano za kutuma alijua anuani ya kuzituma.

Hadithi fupi iliwahi kuwa na bahati kidogo ya namna hiyo. Idhaa ya Kiswahili ya BBC iliendesha mashindano ya hadithi, na baadhi ya zilizoshinda zikachapishwa na Longman katika miaka ya 1970. Hadithi ya Euphrase Kezilahabi iitwayo Mayai Waziri wa Maradhi ilitoka kwanza katika gazeti la Mzalendo mwaka 1978. Mwaka huo huo Gabriel Ruhumbika alitoa mkusanyiko wake, Uwike Usiwike Kutakucha. Wote wawili ni wazaliwa wa Ukerewe, kisiwa kilichoko ng'ambo ya maji kutoka ufukwe wa Busega, kwa hiyo hakuna anayeweza kudai kwamba Kanda ya Ziwa haina mizizi katika utanzu huu.

Kilichotokea baadaye ni kwamba magazeti yaligundua biashara ya "itaendelea". Katika miaka ya 1990 na 2000 magazeti pendwa, hasa yale ya kampuni ya Eric Shigongo, yaliuzwa kwa nguvu ya riwaya za mfululizo ambazo wasomaji walizisubiri kila wiki. Shigongo, naye mtu wa Kanda ya Ziwa na tangu mwaka 2020 mbunge wa Buchosa, alithibitisha kwamba Watanzania wanasoma, na waliodai kinyume chake walinyamaza. Lakini mfululizo hulipa urefu. Mtunzi anayemaliza kisa chake leo hana cha kuuza wiki ijayo, na mhariri hana sababu ya kumwita tena. Ustadi wa kukata maneno ukakosa soko, na ustadi wa kuyarefusha ukapata mshahara.

Simu haikuziba pengo hilo. Imesambaza visa kwa kasi, ni kweli, lakini huwafikia wasomaji vikiwa vimepoteza jina la mtunzi, vikiwa vimeongezwa kibwagizo cha mtu mwingine, na bila mhariri aliyewahi kusema kwamba sentensi ya mwisho haihitajiki. Simu ikiibiwa au ikiingia maji, kazi zote za mtunzi huenda nayo.

Hakimu ni miguu ya watazamaji

Wanaotaka kuanzisha usomaji wa hadharani katika mji kama Bariadi huweza kushawishika kuiga ukumbi wa Dar es Salaam, wenye viti vichache, kahawa, na hadhira inayosikiliza kwa upole na kupiga makofi hata pale ambapo hayastahili. Simiyu ina mfano wake mwenyewe, mkali zaidi na wa haki zaidi.

Baada ya mavuno, kati ya Juni na Agosti, ndipo Usukuma unapoingia katika msimu wa ngoma. Vyama viwili vya jadi, Bagika na Bagalu, vinavyopata majina yao kutoka kwa wapinzani wawili wa kale, Ngika na Gumha, hupambana. Utaratibu wake ni wa kustaajabisha kwa mgeni: makundi mawili hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na anayeshinda ni yule ambaye umati umesogea upande wake. Hakuna jopo la majaji wala karatasi za alama. Manju anayerudia wimbo wa mwaka jana huona watu wakimpa mgongo.

Nyimbo hizo ni fasihi. Zina habari za mwaka, kejeli kwa wapinzani, maombolezo, sifa za jembe na lawama kwa wanunuzi wa pamba. Mtafiti wa Marekani Frank Gunderson aliyakusanya mamia ya nyimbo za kazi za Wasukuma katika kitabu kikubwa kilichotoka mwaka 2010, na kinapofunguliwa huonekana mara moja kwamba wakulima hawa wamekuwa wakitunga kwa ushindani kwa zaidi ya karne moja. Jamii iliyozoea kuhukumu mtunzi kwa miguu yake haihitaji kufundishwa maana ya usomaji wa hadharani. Inahitaji kupewa maandishi ya kuyahukumu.

Gharama si kikwazo kikubwa kama inavyodhaniwa. Karatasi moja ya A4 ikikunjwa katikati hutoa kurasa nne, na kila ukurasa hubeba kisa cha maneno 200 hivi. Karatasi nne zilizobanwa kwa pini ni kijitabu cha kurasa 16, yaani zaidi ya visa kumi, na kinaweza kutolewa nakala katika duka lolote la vifaa vya ofisi mjini Bariadi. Redio za mkoani, kama Sibuka FM ya Maswa, zinaweza kusoma kisa kizima kati ya taarifa ya habari na muziki bila kuvuruga ratiba.

Historia inaonyesha pia nini hutokea pale mtu anapohakikisha kuna mnunuzi. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada, ulikuwa na utaratibu rahisi: mchapishaji alichapa nakala 5,000 za kitabu kilichokubaliwa, na mradi ukanunua 3,000 na kuzipeleka shuleni. Wachapishaji waliokuwa wakikwepa vitabu vya watoto wakaanza kuvitafuta. Halmashauri sita za Simiyu zikinunua kila moja nakala mia chache za kijitabu cha visa kwa ajili ya shule zake, soko limekwisha kuanza.

Kisa kiandikwe kwa lugha gani?

Hapa ndipo penye ugumu, na wengi hupapita haraka. Bibi wa Itilima anasimulia kwa Kisukuma, tena kwa Kinyantuzu, lahaja ya upande wa Bariadi. Mjukuu wake anaandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho alichosomea, ndicho cha magazeti, na ndicho kinachosikika redioni. Kati ya mdomo wa bibi na simu ya mjukuu kuna tafsiri ambayo hakuna aliyeiomba na hakuna anayeihariri.

Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 ilitamka kwamba wananchi wataendelea kuzitumia na kujivunia lugha zao za asili, na kwamba lugha hizo zifanyiwe utafiti na kuandikwa, zikiwa hazina inayokilisha Kiswahili. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Atlasi ya Lugha za Tanzania mwaka 2009. Hayo ni mema. Lakini mtunzi aliyeandika kisa kwa Kisukuma leo hana mchapishaji, hana safu ya gazeti na hana mtihani utakaomtaja.

Mkasa wa Aniceti Kitereza unapaswa kuwatisha wote wanaohusika. Alimaliza riwaya yake ya Kikerewe mwaka 1945. Hakuna aliyekubali kuichapa katika lugha hiyo. Mwenyewe akiwa mzee aliitafsiri kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980, miaka 35 baada ya kuandikwa. Mwaka uliofuata alifariki. Riwaya ile iliweza kusubiri kwa sababu ilikuwa bunda kubwa la karatasi ambalo hakuna angelitupa kwa bahati mbaya. Kisa cha ukurasa mmoja hakina kinga hiyo, sembuse kisa ambacho hakijaandikwa.

Upo mfano wa kutia moyo. Mwaka 2016 kundi la waandishi la Jalada lilichapisha hekaya fupi ya Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, kuhusu jinsi binadamu alivyoanza kutembea wima. Aliiandika kwa Kikuyu. Kwa kuwa ilikuwa fupi, ilitafsiriwa kwa lugha zaidi ya 30 kwa mara moja, Kiswahili kikiwamo, na baadaye zikapita 100. Riwaya isingepata watafsiri wa kujitolea kwa idadi hiyo. Kijitabu cha Simiyu kinaweza kuweka Kisukuma ukurasa wa kushoto na Kiswahili wa kulia bila kuwa kinene kupita uwezo wa mnunuzi, na ukumbini bibi akasimulia kwanza, kisha mjukuu akasoma alichoandika, wasikilizaji wakaamua kama kimevuka mto salama.

Suala la nani anamiliki kisa hicho lazima liamuliwe mapema. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda sanaa za jadi na inaweka masharti kwa anayezitumia kibiashara. Kijana anayechukua ngano ya ukoo, akaibadili kidogo na kuweka jina lake peke yake, anaweza kujikuta katika mgogoro na wazee waliomsimulia. Cosota ina kazi ya kuwaelimisha watunzi wa mikoani kuhusu jambo hili kabla hakujatokea ugomvi. Heshima ndogo ya kuandika "kama alivyosimulia" na jina la msimulizi inaweza kuepusha mengi.

Wenye hazina na macho mekundu

Kuna sababu nyingine ya kutosubiri, nayo ni chungu. Kwa miaka mingi maeneo ya Usukuma, yakiwamo yale ya Shinyanga ya zamani ambayo sasa ni Simiyu, yameripotiwa kuwa na mauaji ya wanawake vikongwe kwa tuhuma za uchawi. Macho mekundu yamechukuliwa kuwa ushahidi, wakati kila aliyewahi kupika kwa samadi ya ng'ombe iliyokaushwa, katika nyumba isiyo na dirisha la kutosha, anajua moshi ule unavyoyafanya macho. Katika tuhuma nyingine, chanzo hasa ni ugomvi wa shamba au mifugo ya urithi.

Wanawake hao ndio waliokaa karibu na jiko kwa miaka yote ambayo ngano zilisimuliwa hapo. Wanayo ngano ya Masala Kulangwa pamoja na ile sehemu ya sikio, na inashangaza kwamba ngano hiyo ya kale ilikwisha kumweka bibi kizee mwenye hasira mbele ya kijana mwenye kisu, na ikaamua kwamba kijana ndiye aombe radhi. Polisi, mahakama na mashirika ya haki za binadamu wana sehemu yao katika kukomesha mauaji. Jukwaa la fasihi haliwezi kuchukua nafasi yao. Linaweza kufanya jambo dogo, ambalo ni kumketisha bibi mahali pa heshima mbele ya kijiji, vijana wakiwa wamemzunguka na kalamu mikononi, na jina lake likiwa limeandikwa katika kijitabu ambacho watoto wa shule wanakijua.

Maofisa utamaduni wa halmashauri, ambao mara nyingi hukumbukwa tu Mwenge unapopita na ngoma zinapohitajika, ndio wenye nafasi ya kulianzisha. Kalenda inawasaidia. Ununuzi wa pamba hufunguliwa Mei, kwa hiyo Julai fedha na nafasi hupatikana vijijini kuliko miezi mingine. Julai 7 ni Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na Unesco mwaka 2021. Uwanja wa Nyakabindi, uliokuwa mwenyeji wa maonyesho ya Nanenane kitaifa mwaka 2018, umekwisha kuzoea kupokea umati, na makundi ya ngoma tayari hukutana katika majuma hayo hayo. Saa moja kabla ya Bagika na Bagalu kuingia uwanjani inatosha kwa wasomaji kumi na watano.